Ile ya Mwepesi Tutaacha

Duka la baiskeli la Dilala, hapa Kolwezi, lina harufu ya matairi mapya, mpira ambao haujawahi kugusa vumbi. Niliingia mle majuzi na mwanangu wa mwisho, aliyepatana na rafiki zake kwenda kwa baiskeli hadi Dilolo, wamebeba hema, sufuria na chakula chao, kwa kujifurahisha tu. Alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli nyembamba ya buluu, akainyanyua kwa mkono mmoja, akanigeukia akitabasamu.

"Mama, ona vile iko mwepesi."

Mimi nilikuwa nimeshaweka viganja vyangu juu ya kiti cha mizigo cha baiskeli nyingine, nyeusi, nakigandamiza kwa uzito wangu wote huku nikisikiliza kama kitalia. Mwenye duka aliniuliza kwa heshima ikiwa niliwahi kuwa fundi. Nikamwambia fundi alikuwa baba yangu. Mimi nilijifunza kuchagua baiskeli mara moja tu, nikiwa na miaka tisa, na nilijifunza vibaya kabla ya kujifunza vizuri.

Ninyi mliokuwa watoto Kolwezi miaka ile mtakumbuka jinsi mji ulivyonyamaza kidogo kidogo. Malori makubwa ya machimbo yalipungua, kisha king'ora cha zamu kikawa kinalia na hakuna anayetoka nyumbani. Baba alikuwa akitengeneza pampu zilizotoa maji katika shimo la machimbo lililoitwa Mashamba. Vipuri vilipokosekana pampu zikasimama, maji yakapanda shimoni, na baba akaanza kurudi nyumbani na mikono safi. Mimi nilifurahi. Nilidhani amepandishwa cheo, amekuwa mtu wa ofisini, na nikawatangazia hivyo wenzangu shuleni.

Halafu yakaja yale maneno. Yalianzia redioni, yakafika sokoni, na siku moja tuliyakuta kwenye ukuta wetu, yameandikwa kwa makaa: watu wa Kasai warudi kwao. Baba alizaliwa Kolwezi. Aliyetoka Kasai, mkoa wa mbali, ni babu yangu, ambaye kampuni ilimleta akiwa kijana kuja kuchimba. Mama alikuwa Mlunda wa upande wa Dilolo. Mimi sikuwa nimeona Kasai hata kwenye picha. Kwa hiyo msichana mmoja aliponiambia darasani, "Rudi kwenu," nilichukua mfuko wangu nikarudi nyumbani, nikamwambia mama kwamba leo wametuachia mapema. Mama aliketi kitako jikoni, akanikalisha mapajani kama mtoto mchanga.

Tulipewa siku mbili za kuondoka. Waliotuambia ni vijana wa mtaa wetu, na mmoja wao alitazama chini muda wote, kwa sababu baba alikuwa amemtengenezea baiskeli yake bure. Tulisukuma mkokoteni hadi stesheni: magodoro, masanduku mawili ya nguo, sufuria, sanduku la vyombo vya kazi la baba, cherehani ya mama, na juu ya vyote Kaku, bibi yangu mzaa baba, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na haikuweza tena kumfikisha hata kisimani.

Stesheni ilikuwa imejaa familia kama yetu, zimejenga vibanda vya maturubai na masanduku, zinangoja treni ya kwenda Kasai. Ilikuja mara moja tukiwa pale. Ilijaa hadi juu ya paa, ikaondoka, na waliobaki wakawa ni kama hawajapungua. Maji ya kunywa yalikuwa machafu. Mdogo wangu Kabeya, aliyekuwa na miaka minne, alianza kuharisha, na baada ya siku chache ngozi ya mapaja yake ikalegea kama nguo iliyomzidi. Kila asubuhi tuliona watu wakipita na kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitenge, wakielekea upande wa makaburi. Siku alipopita hivyo mama aliyekuwa jirani yetu wa kibanda, mama yangu alimfunga Kabeya mgongoni na kumwendea baba.

"Tata Ngalula," alisema, kwa maana Ngalula ni mimi na tata ni baba, "treni hii mi siingojee tena. Batoto banaisha hapa. Twende kwetu, kwa kaka yangu."

"Ni mbali," baba alisema.

"Hapa pia ni mbali. Hapa ni mbali na kila kitu."

Kaka yake, mjomba wangu, alikuwa na mashamba ya mihogo katika kijiji kisicho mbali na Dilolo. Treni za upande ule zilikuwa zimekufa zamani, na malori hayakuwa yakichukua watu wa namna yetu. Ilikuwa safari ya miguu, zaidi ya siku kumi. Baba alimtazama Kaku, aliyekuwa amekaa juu ya magodoro akimpepea Kabeya kwa kipande cha boksi. Kisha akasema, "Basi tutafute kinga."

Kinga ndivyo tunavyoiita baiskeli huku kwetu. Nilipolisikia neno lile moyo wangu uliruka. Tulikuwa tunakwenda kununua baiskeli! Nilisahau stesheni, nikasahau ukuta wetu ulioandikwa. Padri mmoja alitupa kona ya darasa katika shule ya parokia hadi Kabeya apate nguvu, na kutoka pale, siku tatu mfululizo, baba alinishika mkono tukaenda kutafuta.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu. Ilikuwa ya injinia wa kizungu aliyeondoka haraka na kumwachia mpishi wake. Ilikuwa na gia nyingi, usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, na magurudumu membamba yaliyozunguka bila sauti. Mpishi alitaka kubadilishana na cherehani. Baba aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaitazama kwa upendo. Alikuwa mtu wa mashine na alijua kitu kizuri akikiona. Akaomba matofali. Akayafunga nyuma kwa kamba, akaendesha hadi mwisho wa barabara na kurudi, na aliporudi alinikalisha chini karibu na gurudumu.

"Hesabu hizi njiti."

Nilihesabu njiti za gurudumu la nyuma. Zilikuwa chache, nyembamba kama sindano za kufumia.

"Na hii gia," akasema, akigusa kidude kidogo cha chuma kilichoning'inia karibu na mnyororo. "Ikipinda pale pori, nani ataitengeneza?"

"Weye, tata."

"Na kipuri gani?"

Lakini mimi niliipenda ile nyekundu, na nilipoondoka niligeuka nyuma mara mbili.

Ya pili ilikuwa mpya, ya dukani, ya kijani kibichi, yenye kengele. Baba aliipakia matofali yale yale na kuisukuma kwenye mteremko. Nyuma ikaanza kuchezacheza huku na huku, mbele ikienda kwake na nyuma kwake. Kiti cha mizigo kilikuwa kimeshikwa na skrubu mbili ndogo. Baba alizitikisa kwa kidole, akamshukuru mwenye duka, tukaondoka. Kwake baiskeli ya mzigo haikuchaguliwa kwa kuitazama ikiwa tupu. Ilibidi uibebeshe, halafu uisikilize inalalamika wapi.

Ya tatu hatukuitafuta. Ilikuja yenyewe, ikisukumwa na Tata Kapenda, muuza makaa tuliyemjua tangu nazaliwa. Alikuwa Mlunda kama mama, mtu mrefu mwenye vumbi jeusi katika mikunjo ya shingo. Kwa miaka mingi alikuwa akileta magunia matatu ya makaa kutoka porini, siku mbili za njia, na baiskeli yake ilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kuona. Ilikuwa nzito, nyeusi, yenye bomba mbili badala ya moja kutoka kwenye kiti hadi usukani. Haikuwa na breki. Nyuma ya kiti kulikuwa na gongo limesimama wima, na jingine limefungwa kwenye usukani, ili mtu aweze kuisukuma na kuiongoza akiwa pembeni ya mzigo. Kiti cha mizigo kilikuwa cha nondo, kirefu kama kitanda cha mtoto.

Baba aliinama akatazama gurudumu la nyuma. "Hizi njiti ni mi nilizifunga."

"Miaka mingi," Tata Kapenda akasema. "Hata moja haijakatika."

Walizungumza wamechuchumaa. Tata Kapenda alisema magoti yake yamekwisha, baiskeli sasa ina nguvu kumpita, na mke wake amekuwa akiililia cherehani. Kisha baba akamuuliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Batu batasema umesaidia Mukasai."

Tata Kapenda alikuna kidevu. "Wakati ulifunga hizi njiti, uliniuliza natoka wapi?"

"Hapana."

"Basi," alisema, akasimama kwa kushikilia gongo, magoti yakilia. Aliahidi kuja na mke wake baada ya siku nne kuchukua jibu letu. Baiskeli akatuachia tuijaribu.

Mchana wa siku ile ile nilikuwa nyuma ya darasa nikianika nguo za Kabeya kwenye ua. Dirisha lilikuwa wazi, na baba na mama walikuwa ndani wakizungumza kwa sauti ya chini. Sikuwa nasikiliza, ila nilisikia.

"Na ile ingine?" mama aliuliza.

"Ile ya mwepesi tutaacha," baba akajibu. "Njia iko murefu. Itatufia mu njia."

Nilisikia dawati likivutwa.

"Ile ya muzito njo tutakamata," baba akaendelea. "Mama Ngalula, najua inakuuma."

"Inaniuma," mama alisema. "Lakini ni sawa. Fanya bile unasema."

Wale wanaosema Kiswahili cha vitabuni wana bahati; kwao mtu ni mtu na kitu ni kitu, na neno lenyewe linakuambia. Katika Kiswahili chetu cha Katanga, "njo" ni ndiyo, kukamata ni kuchukua, na "ile" inaweza kuwa baiskeli na inaweza kuwa mtoto. Na mimi mkononi nilikuwa nimeshika suruali ya Kabeya, ndogo, ambayo siku hizo mama aliifunga kwa kamba isimwanguke. Nilijua ni nani kati yetu wawili aliyekuwa mwepesi. Nilijua ni nani angetufia njiani. Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba mama alisema ni sawa.

Sikulia wala sikumwambia mtu. Niliona tu kwamba nina siku nne za kumfanya Kabeya awe mzito.

Padri alitupatia unga, na kila siku tulikula bukari, ndio ugali wetu, mara moja, na sombe ya majani ya mihogo isiyo na mafuta. Mama alitupakulia mimi na Kabeya katika sahani moja. Nilikuwa nakata tonge, nalipeleka karibu na mdomo wangu, na mama akigeuka nalitia mdomoni mwa Kabeya. Yeye alikuwa anapona na alikuwa na njaa ya mtu anayepona. Nilimwambia hii ni siri yetu, kwamba akila sana atakuwa mzito na akiwa mzito atapanda kinga. Nilimpa maji mengi. Nilijaza vijiwe katika mifuko ya suruali yake, na mama akiviona alivitoa na kunikanya nisimchezee mtoto. Kila asubuhi nilimbeba Kabeya mikononi ili nimpime, na kila asubuhi alizidi kuwa mzito. Nilifurahi. Sikuelewa kwamba ni mikono yangu iliyokuwa ikiishiwa nguvu.

Siku ya nne Tata Kapenda alikuja na mke wake, na baba akataka kufanya jaribio la mwisho mbele yao. Alikuwa ameshaisafisha baiskeli kwa mchanga na mafuta, akaifungia breki za mbele na nyuma zilizotoka katika sanduku lake, akatandika sponji ya godoro juu ya nondo. Kaku alinyanyuliwa akakalishwa, miguu upande mmoja, kama mtu anayekwenda harusini. Chini yake, kila upande, lilining'inia gunia la vitu vyetu. Baba alishika gongo la usukani, akaniambia nisukume kwa nyuma. Barabara ya Mashamba, ambayo zamani watoto walikatazwa kuikaribia kwa ajili ya malori, ilikuwa tupu na pana, na baiskeli ikapanda mwinuko taratibu bila kulia mahali popote.

"Inatembea," Kaku alisema kule juu. "Inatembea kuliko treni."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kando ya barabara, kichwa changu mapajani mwa mama, na mke wa Tata Kapenda akininyunyizia maji. Mama alikuwa ameshika mkono wangu juu ya kiwiko, ameuzungushia kidole gumba na cha kati, na vidole vilikuwa vimekutana.

"Mutoto huyu anakula nini?" aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe.

Kabeya alikuwa amesimama pale, amenenepa mashavu. "Yaya hakule," alisema, akininyooshea kidole mimi dada yake. "Yaya ananipa yake yote. Anasema nikule nikuwe muzito, musiniache."

Baba, ambaye alikuwa bado ameishikilia baiskeli pamoja na mama yake juu, aliiegemeza kwenye kichuguu pole pole, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Nani alisema tutamuacha Kabeya?"

"Weye, tata. Ulisema ile ya mwepesi tutaacha. Itatufia mu njia. Na mama alisema ni sawa."

Niliwaona wakitazamana, nikaona jambo likipita kati yao ambalo sikuweza kulisoma. Mama aliweka kiganja mdomoni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye pia hakujua.

"Ile nyekundu," baba akasema. "Ngalula, ile kinga nyekundu. Ile ya muzungu. Niliambia mama yako ile njo tutaacha, tukamate hii ya Tata Kapenda. Na kilichomuuma mama ni machine yake ya kushona."

Alinisimamisha, akanipeleka hadi kwenye baiskeli, akaweka mkono wangu juu ya ile nondo, chini ya Kaku. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayemweleza fundi mwenzake kwamba tunachukua nzito kwa sababu bomba zake ni nene, na zikikatika mhunzi yeyote wa kijijini ataziunga kwa moto. Matairi yake ni mapana, hayatazama mchangani. Kisigino cha anayeendesha hakigongi mzigo, kwa kuwa nyuma yake ni ndefu. Kinga huchaguliwa kwa kile itakachobeba.

"Na hatukuchagua nani itabeba," alisema. "Ile haichaguliwe. Tunaacha bintu. Mutu hatuachi."

Jioni ile mama alinipakulia sahani yangu peke yangu, akakaa mbele yangu hadi nilipoimaliza. Mke wa Tata Kapenda alikuwa ameshaichukua cherehani, lakini kabla ya kuibeba alimwambia mama, "Mama, hii naitunza. Siku utarudi, utanifundisha kushona kola." Mama alimwonyesha palepale, kwa kipande cha kitenge, na wale wawili waliinamiana juu ya kile kitambaa kana kwamba hakuna linalotokea mjini.

Tuliondoka alfajiri siku ya pili yake. Tata Kapenda alituongoza kwa njia ya wachoma makaa, kwa sababu barabara kuu ilikuwa na vizuizi. Kaku alikuwa nyuma juu ya sponji, Kabeya mbele yake katikati ya magoti yake, na sanduku la vyombo vya baba limefungwa chini kabisa ili uzito ukae karibu na ardhi. Baba alisukuma upande wa kushoto akishika magongo mawili, mama alikuwa na furushi kichwani, mimi nilitembea nyuma na mkono wangu juu ya nondo. Siku hiyo ya kwanza tulikutana na vijana watano wenye fimbo kwenye njia panda. Mmoja akauliza tunatoka wapi.

"Hii kinga ni yangu," Tata Kapenda alisema kwa utulivu. "Na hawa beko na mi."

Mama aliwasalimia kwa Kilunda, akawauliza habari za wazazi wao. Kijana yule alimtazama baba, kisha akamtazama Kaku. Kaku, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa na lafudhi ya Kasai, alifumba macho na kukoroma kwa sauti kubwa kiasi kwamba Kabeya alicheka. Kijana akaniinamia mimi.

"We, munaenda wapi?"

"Kwa muyomba," nikasema, na ilikuwa kweli.

Walisogea pembeni. Tulitembea muda mrefu bila kugeuka, na Kaku hakuacha kukoroma hadi Tata Kapenda alipomwambia kwamba sasa anaweza kuamka. Kesho yake mchana, njia ya makaa ilipokwisha, mzee yule aliagana nasi. Alizunguka baiskeli yake mara moja, akabonyeza matairi kwa kidole gumba, akarudi alikotoka kwa miguu, akichechemea. Lilikuwa jambo geni kumwona akitembea mikono mitupu.

Siku zilizofuata ninazikumbuka kwa miguu yangu. Nakumbuka udongo mwekundu mgumu hadi Mutshatsha, kisha, baada ya Kasaji, mchanga mweupe uliokuwa baridi asubuhi na kuunguza mchana. Nakumbuka harufu ya uyoga mwituni na vijiji ambako wanawake walimsikia mama akiongea wakatuletea mihogo ya kuchemsha. Mara moja bomba moja lilipasuka karibu na uma wa mbele. Baba hakushtuka. Alipakua, akauliza mhunzi yuko wapi, na kabla jua halijageuka mzee mmoja mwenye mvukuto wa ngozi ya mbuzi alikuwa ameshalizungushia pete ya chuma cha moto. Wakati wanafanya kazi mke wake alitupa asali, na Kabeya akaila hadi akalala nayo mashavuni. Baba alinikonyeza. Nilijua anafikiria ile gia ndogo ya baiskeli nyekundu.

Kila jioni baba alikagua njiti zote kwa kuzigusa moja moja, na mimi nilizigusa upande wangu. Zilikuwa zinatoa mlio. Iliyolegea ilikuwa na mlio wa chini, na tuliikaza. Hadi leo sijui kitu kinachotuliza moyo wangu kuliko mlio wa gurudumu lililokazwa vizuri. Nilianza kula, nikaanza kunenepa tena, ingawa tulikuwa njiani. Na siku nyingine, tuliposimama kupumzika, Kaku alisisitiza nipande mimi kidogo huku yeye ameshuka kukaa kivulini, akisema kinga imezoea uzito na isilegezwe.

Siku tuliyofika ilikuwa Jumapili, kwa sababu tulisikia kanisa likiimba kabla hatujaona nyumba. Kijiji cha mjomba kilikuwa juu ya mwinuko mdogo wa mchanga. Tulikuwa wachafu, miguu yetu imepasuka, na baba, aliyetoka nyumba ya matofali ya kampuni, alikuwa anakwenda kuomba mahali pa kulala kwa shemeji yake. Chini ya mwinuko aliinama ili aanze kusukuma, na hapo Kaku akampiga begani.

"Nishushe."

"Mama, ni mchanga. Ni karibu sana, tumalize."

"Nishushe. Mi siwezi kuingia kwa bakwe yangu kama gunia ya makaa."

Baba alijaribu kubishana. Mama ndiye aliyemkatiza. Alitua furushi lake, akamshika Kaku kiuno, akamshusha, akamfunga upya kitenge na kumpangusa vumbi usoni kwa ncha ya kilemba chake. Kaku alishika lile gongo lililosimama wima nyuma ya kiti. Mguu wake wa kulia ulikwenda, wa kushoto ukaburuzwa na kuufuata. Baba alisukuma baiskeli kwa mwendo wake, hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Kabeya aliyebaki peke yake juu ya sponji alikuwa mzito vya kutosha kuona fahari.

Mjomba alitoka kanisani na watu wengine. Alimwona dada yake kwanza, akaanza kukimbia, kisha akamwona mama mzee anayepanda mchanga kwa miguu yake, akaacha kukimbia. Alivua kofia. Alisimama pale pale alipo, kama mtu anavyosimama kumpokea mkwe wake, na kijiji kizima kikasimama nyuma yake, hadi Kaku alipofika juu, akapumua, akanyoosha mgongo na kumpa mkono.

"Tumefika bote," alimwambia.